Jeneza Lililokataa Kupanda Mabegani

Kaeni vizuri, na anayesinzia akanawe uso kabisa. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina jeneza, ina mafuta ya dizeli, na ina watu watatu waliofanya jambo jema, kisha jambo lenyewe likawageukia. Nikimaliza nitamtaka kila mtu jibu lake, na "sijui" siipokei. Mimi mwenyewe nimekaa nayo miaka, jibu sijalipata, ndiyo maana nawaletea nyinyi.

Palikuwa na nchi ndogo iitwayo Ukindu. Ilikuwa ukanda mwembamba wa pwani, ambao kwenye ramani ungeudhania mkwaruzo wa kalamu. Haikuwa na mto wa kufulia umeme, wala gesi, wala kisima cha mafuta. Taa zake, pampu zake za maji na hospitali yake kuu, vyote vilikwenda kwa dizeli, na dizeli ilikuja kwa meli.

Katika nchi hiyo walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Vuai Mkadamu, mpima mizigo wa bandarini. Kipaji chake kilikuwa begani. Mzigo ukipita begani mwake mara moja tu, alikutajia kilo zake, na mizani ikija baadaye ilimuunga mkono. Wachukuzi walimjaribu kila siku. "Bwana Vuai, na hili?" Naye hujibu bila kugeuka, "Hamsini na mbili, na chini limelowa." Wakilifungua, kweli limelowa.

Wa pili ni Bi Zuwena Sharifu, mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje. Yeye kipaji chake ni kumbukumbu. Alichokisoma mara moja hakikumtoka tena, kiwe mkataba wa kurasa mia tatu au namba ya risiti. Watu walimwogopa vikaoni, na harusini pia, maana alikumbuka hata yale ambayo wasemaji wenyewe walitamani yasahaulike.

Wa tatu ni Khatibu Mngwali, mkuu wa itifaki wa Ikulu, mpokeaji wa wageni wa taifa. Huyo alijaliwa ulimi. Mgeni alifika amefura, akaketi na Khatibu nusu saa, akaondoka yeye ndiye anayeomba radhi. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Khatibu ulibeba nchi.

Mimi nitafuatana na Vuai, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Mkewe, Kidawa, figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alilala hospitali akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Mashine ilitaka umeme, umeme ulitaka dizeli. Kila Vuai alipokuwa kazini alitega sikio upande wa hospitali, ambayo haikuwa mbali na bandari, na akisikia jenereta linanguruma roho yake hutulia.

Sasa, dizeli hiyo ilitoka Harazi, dola kubwa la ng'ambo. Harazi walikuwa wanatafuta kuunda bomu la nyuklia, na kwa hiyo Baraza la Mataifa likawawekea vikwazo: pasiwe na mtu wa kununua kwao wala kuwauzia. Mwenye bidhaa isiyonunuliwa huuza rahisi, basi Harazi wakawauzia Waukindu kwa nusu ya bei. Baraza nalo likaihurumia Ukindu, likatoa ruhusa maalumu. Nunueni dizeli yenu, wakaambiwa, ila mtie saini kwamba kifaa chochote cha bomu hakitapita bandarini kwenu. Ukindu ikatia saini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama huku na huku kwa wakati mmoja.

Hapo nisikilizeni vizuri, kwa sababu kila kitu kinasimama juu ya desturi za Waukindu kuhusu maiti. Ya kwanza: maiti akishafunikwa hafunuliwi, kwa hiyo jeneza linalopita bandarini halipekuliwi na mtu yeyote. Hiyo Harazi waliijua. Lakini iko ya pili: maiti habebwi kwa chombo. Kreni ikishalishusha jeneza gatini, kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo ni mabega ya watu mpaka pale litakapolala, hata kama marehemu ni mgeni asiye na mtu. Hiyo Harazi hawakuiulizia.

Jumanne moja asubuhi, meli ya mizigo ikashusha jeneza. Hati zilisema ndani yake yumo baharia wa Harazi, Belun Tasko, aliyefia nchi ya mbali na sasa anarudishwa kwao. Angelazwa kwenye chumba cha baridi cha bandari, na jioni maji yakijaa angeondoka na meli ya mafuta ya Harazi, iliyokuwa gati la pili inamalizia kushusha dizeli.

Wanaume sita wakaliingia, Vuai upande wa kichwani. "Bismillahi!" Halikutikisika. Wakaongezwa wawili. Likainuka, wakaenda hatua tatu, magoti yakawacheza, wakalitua.

"Marehemu alikuwa anakula vizuri," mchukuzi mmoja akasema, anahema.

"Muombee dua badala ya kumsengenya," mwingine akamkemea.

Bega la Vuai lilikuwa limekwisha kumwambia. Kilo mia nne, au zaidi kidogo. Tena haukuwa uzito wa mtu. Mtu ni mzito kifuani na nyongani, miguuni ni mwepesi, na Vuai alikuwa ameshabeba wafu wa kutosha kulijua hilo. Huu ulilala sawasawa, kichwani mpaka miguuni. Alisimama pale anapangusa jasho, anaitazama meli ya mafuta, anaitazama mipira yake inavyotetemeka kwa dizeli inayoingia matangini. Akisema, mipira ile inaweza kuchomolewa. Akinyamaza, hakuna atakayejua milele.

Akaomba ruhusa ya nusu saa, akaenda hospitali.

Kidawa alikuwa kitandani, damu yake inatoka kwa mrija mmoja inarudi kwa mwingine. "Mbona saa hizi?" akauliza. "Wamekufukuza kazi?"

Vuai akaketi, akamweleza yote, kwa sauti ya chini.

"Mna nini humo?"

"Sijui. Ila si maiti. Na kinakwenda Harazi kwa kificho."

"Ukisema, mafuta yatakatwa?"

"Huenda."

Kidawa akaitazama mashine. "Baba Mize, usinifanye mimi sababu. Ukinyamaza kwa ajili yangu, kisha siku moja watu wakaunguzwa huko, mimi kila nikilazwa hapa nitajiuliza ninaishi kwa roho za nani. Nenda kaseme. Kufa si habari mpya kwangu, daktari ananitajia kila mwezi."

Vuai akalia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kwikwi mbele ya wauguzi, akajifuta kwa mkono wa shati, akarudi bandarini akasema. Hilo ndilo la Vuai: bila bega lake, jeneza lingekwenda zake, likaombewa na dua.

Lakini nani alikwambia bega ni ushahidi? Mkuu wa bandari alishika kichwa. "Vuai, mimi nakuamini. Sasa nikamwambie balozi wa Harazi kwamba maiti wake nimempima kwa bega?" Jeneza kupekuliwa ni mwiko, na uzito peke yake si kosa. Pengine sanduku limepigwa bati la risasi ndani, pengine la zinki. Wakapiga simu wizarani, na saa nne Bi Zuwena akafika, miwani mkononi.

Akaomba cheti cha kifo. Akakisoma mara moja, akafumba macho.

"Belun Tasko," akasema. "Pasipoti inaishia sita, sita, moja, nane. Huyu alishapita hapa."

"Baharia hupita kila mahali, Bi Zuwena."

"Alipita akiwa maiti. Mwaka juzi, mwezi wa Safar, kwenye jeneza. Nilizisoma hati zake nilipokuwa natafuta kitu kingine. Mara ile alikufa kwa moyo. Leo amekufa kwa kuanguka mlingotini."

Mkuu wa bandari akakaa chini. Kabati likafunguliwa, jalada la mwaka juzi likatolewa, na jina likakutwa, na namba ikakutwa. Jeneza lile la kwanza lilikuwa na kilo mia na ishirini tu. Harazi walikuwa wanaijaribu njia.

"Mtu hufa mara moja," akasema Bi Zuwena. "Huyu hufa kila anapohitajiwa." Kisha, bila kufungua kitabu, akawasomea kifungu cha kumi na tisa, aya ya pili ya mkataba: hati ikigundulika kuwa ya uongo, mzigo uzuiwe, ufunguliwe mbele ya wakaguzi wa Baraza, hata uwe mzigo gani. Akaandika amri ya kulizuia, akatia saini yake mwenyewe, maana waziri alikuwa safarini. Akawapigia wakaguzi, waliokuwa nchi jirani, mwendo wa saa sita kwa gari. Hilo ndilo la Zuwena: bila kumbukumbu yake, bega la Vuai lingekuwa umbea wa bandarini.

Haya, jeneza limezuiwa. Lakini hapo ndipo maji yalipozidi unga. Balozi wa Harazi, Bwana Tolmek, alikuwa na haki moja ya kibalozi: akiligonga jeneza lakiri ya ubalozi wake, linakuwa mali ya ubalozi, na hakuna mkaguzi wala mkataba wa kuligusa. Na saa tano juu ya alama gari lake likaingia bandarini, lakiri iko kwenye mkoba. Wachukuzi walikuwa wanaongea, naye alikuwa na masikio.

Aliyempokea getini ni Khatibu Mngwali, aliyekwisha kuitwa kutoka Ikulu, amevaa kanzu nyeupe na kofia, mikono ameikunja kifuani.

"Nimekuja kumchukua marehemu," akasema Tolmek. "Sasa hivi."

"Haki yako, Mheshimiwa. Samahani kuuliza, marehemu ni raia wenu tu, au ni mtu wako?"

Tolmek akaona hapa ndipo pa kupatia nguvu. "Ni ndugu yangu. Mtoto wa mama yangu mkubwa."

Wallahi, laiti angejua. Khatibu akashika kifua. "Innalillahi! Ndugu yako wa damu, na sisi tumekuacha umesimama juani! Basi wewe si balozi leo, wewe ni mfiwa." Akapiga kofi, na mkeka ukatandikwa pale pale kwenye ukumbi wa bandari. Mfiwa katika Ukindu haondoki mkekani mpaka kila aliyekuja kumpa pole ampe mkono, na simu huzimwa, na mzigo wake hushikiwa na wenyeji. Khatibu mwenyewe ndiye aliyeushika mkoba.

Kisha akatuma watu mjini. Wakaja. Wakaja wauza samaki, wakaja walimu na wanafunzi wao, wakaja mafundi cherehani, wakaja akina mama na sufuria za wali. Mmoja mmoja wakapiga magoti mbele ya Tolmek, "Makiwa, ndugu yetu, makiwa," naye anaitikia "Asante, asante," anatupa jicho kwenye mkoba. Kila alipojaribu kuinuka, Khatibu alimnong'oneza kwa upole, "Watu watasema hukumpenda." Na afanye nini? Heshima kwa maiti ndiyo ngao aliyokuja nayo. Akiitupa mwenyewe mbele ya watu mia tatu, jeneza linabaki sanduku tu. Akakaa saa tano mkekani, anamlilia ndugu asiyekuwepo. Hilo ndilo la Khatibu: bila ulimi wake, amri ya Zuwena ingegongwa lakiri na kufa.

Saa kumi wakaguzi wakafika, jeneza likafunguliwa. Mlikuwa na mabomba ya chuma kisicho cha kawaida, arobaini na manne, yamesuguliwa yakang'aa, kila moja limefungwa kitambaa. Mkaguzi mkuu aliyaangalia mawili matatu, rangi ikamtoka. Akasema ni sehemu za mitambo ya kusafishia madini ya urani, na kwamba bila hizi, bomu la Harazi limerudi nyuma miaka.

Dunia ikashangilia. Picha ya watatu hao ikatoka kwenye magazeti ya kila nchi, Vuai katikati, hajui aweke wapi mikono yake.

Siku ya nne Harazi wakakata mafuta. Hawakutangaza, meli haikuja tu. Kwenye matangi ya Ukindu ilibaki dizeli ya siku kumi na tisa. Kununua kwingine ilikuwa bei mara tatu, na meli ingechukua siku arobaini njiani. Baraza lilipoombwa msaada lilijibu kwa heshima kwamba suala hilo litazungumzwa kikao kijacho, baada ya miezi miwili. Taa za mitaani zikazimwa, maji yakawa ya zamu. Hospitali ikatangaza kwamba wagonjwa wa figo, arobaini na watatu, watasafishwa damu mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Kidawa akaanza kuvimba miguu, kisha uso. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe.

Zilipobaki siku kumi na moja, Rais akawaita watatu Ikulu. Alikuwa mama mtu mzima, zamani mwalimu wa hesabu, hana maneno mengi. Mezani palikuwa na barua mbili. Akasoma ya kwanza.

Ilitoka kwa Baraza la Mataifa. Baraza linatoa nishani yake ya juu kwa Mukindu aliyezuia mabomba yale. Nishani inakwenda na kazi makao makuu, nyumba, na matibabu yoyote kwa familia yake. Ni ya mtu mmoja, haigawanywi, na mhusika awe amefika ndani ya siku kumi.

"Nataka nijue ni nani," akasema Rais. "Semeni."

Vuai hakungoja. "Mheshimiwa, mimi si msemaji. Lakini bila bega langu jeneza lingepanda meli, na wenzangu hawa wangekuwa ofisini wanakunywa chai. Mimi ndiye niliyeanza. Na mke wangu anavimba, Mheshimiwa. Anavimba namwona."

"Pole sana, Bwana Vuai," akasema Bi Zuwena. "Lakini bega halikuzuia kitu. Amri ndiyo iliyozuia, na saini ni yangu, peke yangu. Miaka ishirini naisoma mikataba ya wengine. Mara tatu nimeomba nafasi kule inakoandikwa, mara tatu nimerukwa."

Khatibu akakohoa kidogo. "Bega lilishuku, kumbukumbu ikathibitisha. Sikatai. Lakini lakiri ilikuwa mkobani. Aliyemzuia mtu mwenyewe ni mimi. Mama, nimewapokea wakubwa wa dunia nzima, na sijaona hata mmoja aliyeuliza jina langu."

Walibishana. Naona haya kuwasimulia, lakini walibishana, kila mmoja akipunguza la mwenzake ili lake likue. Rais aliandika alichosema kila mtu. Walipochoka, akaichukua barua ya pili.

Hiyo ilitoka Harazi. Nayo ilitaka mtu mmoja. Mkosaji mkuu wa aibu ile, iliandikwa, afungwe miaka saba kwa kuvunja heshima ya maiti. Siku atakayopitishwa mlango wa gereza, meli ya dizeli itang'oa nanga, na bei itabaki ile ile. Asipofungwa, meli haiji. Wasibandikiwe jina la uongo, kwa sababu sura za wahusika wote watatu wamekwisha kuziona magazetini.

Rais akaiweka barua mezani.

"Vuai, umesema wewe ndiye uliyeanza," akasema Rais, anasoma alichoandika. "Zuwena, saini ni yako peke yako. Khatibu, wewe ndiye uliyemzuia mtu wao. Sikuwauliza haya kwa hila. Nilitaka kusikia ukweli kabla hofu haijaingia, na mmenipa, tena kwa kushindana."

"Sheria yetu haina kosa hilo," akasema Bi Zuwena. Sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Sheria naijua, mwanangu. Na matangi nayajua. Watu arobaini na watatu, na vitoto njiti sita kwenye vyumba vya joto. Nimeiandikia Harazi mara nne, nimelipigia Baraza mpaka hawapokei. Sitaki kumfunga mtu. Nimekosa pengine pa kupita."

"Mtu mmoja hawezi kuchukua zote mbili?" akauliza Khatibu. "Afungwe, na nishani apewe?"

"Baraza halimpi aliye gerezani."

Vuai akainuka. "Basi niandike mimi kwa Harazi. Dizeli ikija, Kidawa anaendelea."

Rais akatikisa kichwa. "Nimezungumza na daktari wake. Mashine sasa inamshikiza tu. Kidawa anahitaji figo mpya, na hapa kwetu hatuwezi kumwekea. Dizeli itampa miezi. Nishani itampa miaka. Lakini dizeli ndiyo itakayowapa uhai wale arobaini na wawili."

Vuai akarudi kuketi. Bi Zuwena alisema taratibu, haombi, anaeleza tu, kwamba ana watoto wawili na baba yao hayupo. Khatibu alisema miaka yake sitini na mbili ukijumlisha na saba ni sitini na tisa, na kwamba gereza la Ukindu halina wazee.

Rais akazisukuma barua zote mbili mpaka mbele ya Vuai, akaziwekea kalamu juu.

"Nishani nitaandika jina lako," akamwambia, "kwa ajili ya mkeo. Lakini jina la pili silibuni mimi. Atakayepanda ndege kwa jambo hili ndiye atakayenitajia wa kwenda gerezani kwa jambo hilo hilo. Nitajie mmoja wa hawa wenzako. Ukikataa, nishani nampa mmoja wao, na la Harazi nitaandika lako."

Vuai akawatazama. Bi Zuwena alikuwa anamtazama moja kwa moja, midomo ameibana. Khatibu alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kupokelea wageni, ila vidole vilikuwa vinasokota kanzu. Kidawa alikuwa wodini, siku hiyo haikuwa zamu yake ya mashine. Vuai akashika kalamu, akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo, na sasa zamu ni yenu.

Msiniambie wote watatu wapewe, nishani ni moja. Msiniambie asifungwe mtu, arobaini na wawili wako wodini na vitoto njiti sita vinapumua kwa dizeli. Wala msijifiche nyuma ya Rais mkamtukana, yeye amekwisha kusema lake. Kaeni kwenye kile kiti cha Vuai. Wote walifanya sawa, na ukimtoa mmoja hakuna kilichofanyika. Asali ale nani, shubiri anywe nani, na nani atoke mlangoni mikono mitupu? Na ukilitaja jina, mkeo akapona, akakuuliza siku moja huko ugenini yule mtu aliyefungwa alitajwa na nani, utamjibuje?

Haya. Nianze na wewe uliyekaa karibu. Kalamu unayo, wenzako wanakutazama. Unamtaja nani?